Mbwa wa Boma na Homa Isiyo Malaria

Julai 2022 wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, iliingiwa na hofu. Watu walikuwa wakifika kituo cha afya na homa kali, kichwa kinagonga, mwili umeisha nguvu, na baadhi yao damu inawatoka puani. Sampuli zikapelekwa maabara kupimwa Ebola, Marburg na Uviko, na majibu yakarudi kwamba si kimojawapo. Kwa siku kadhaa nchi nzima ikauita ugonjwa wa ajabu. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautaja kwa jina: homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikwisha kufariki.

Hapakuwa na ajabu yoyote. Bakteria wa ugonjwa huo wanaishi kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa, na wako nchini tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni watu kupimwa na jina kutamkwa hadharani.

Wasomaji wa Kilimanjaro pengine hawakushangaa sana. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, watoto kwa watu wazima. Matokeo yalichapishwa 2013, na mpaka leo nikiyasoma nakosa utulivu. Kati ya wagonjwa hao, 528 waliandikiwa kwamba wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli, damu ilipochunguzwa sawasawa, walikuwa 14. Miongoni mwa wale ambao vipimo vyao vya magonjwa ya wanyama vilikamilika, zaidi ya robo walikuwa na bakteria waliotoka kwa mnyama: leptospira watu 40, riketsia wa homa ya madoadoa 36, homa ya Q 24, brusela 16. Hao ni watu waliokuwa wamelala kitandani wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Tunapozungumza juu ya magonjwa haya, kidole huelekezwa kwa ng'ombe, mbuzi au panya. Mbwa hutajwa pale tu mtu anapong'atwa, na hapo habari inakuwa ya kichaa cha mbwa. Lakini mbwa wa boma, yule asiye na kamba wala kibanda, ndiye mnyama anayeshiriki na ng'ombe karibu kila kitu: maji, kivuli, kupe, maziwa yaliyomwagika, zalio, mzoga. Akitoka zizini anakwenda jikoni, na usiku analala mlangoni. Afisa mifugo akifika kijijini anaandika ng'ombe wangapi, mitamba mingapi, mbuzi wangapi. Mbwa hana safu kwenye daftari hilo, na kwa maoni yangu pengo hilo linatugharimu afya ya watu na mifugo pia.

Twende kwanza kwenye maji, maana leptospira ni bakteria wa maji. Ni mwembamba, amejisokota, na akiingia mwilini hukimbilia kwenye vijifereji vya figo, akakaa humo na kutoka na mkojo wiki hata miezi. Zipo aina nyingi, na kila aina ina mnyama aliyezoeana naye. Aina iitwayo Hardjo imezoeana na ng'ombe, na Canicola imezoeana na mbwa. Mnyama mwenye aina yake mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa huku akiisambaza kila anapokojoa. Matata huanza wanapobadilishana. Ng'ombe mwenye Hardjo pengine atapungukiwa na maziwa ghafla, kiwele kikalegea bila kuvimba, au mimba ikatoka miezi ya mwisho, na mfugaji akadhani ni malisho. Ndama akipata aina ngeni kwake huweza kukojoa mkojo mwekundu na kufa katika siku chache. Mbwa naye hupata homa, hutapika, macho yanakuwa ya njano, figo zinagoma. Akinusurika, hurudi kazini na kuendelea kumwaga bakteria kwa muda mrefu huku kila mtu akiamini amepona.

Lambo la wakati wa kiangazi linaonyesha mambo yote haya kwa mara moja. Maji yamebaki katikati, ukingo mzima ni tope lililokanyagwa na kwato. Ng'ombe wanaingia mpaka magotini, wananywa, na wakiwa wananywa wanakojoa papo hapo. Mbwa waliokuja na mifugo wanajitupa kwenye tope kupoza mwili, wanalamba maji pembeni, wanainua mguu kwenye kisiki kilekile ambacho ndama anakuja kukilamba chumvi. Hatua chache kutoka hapo mtoto amevua viatu, amechuchumaa na dumu la lita 20, magoti yake yana michubuko ya juzi. Leptospira hahitaji jeraha kubwa. Mkwaruzo unamtosha, au ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, au jicho lililofutwa kwa mkono wenye tope. Jua kali na ardhi kavu vinamuua haraka, lakini kwenye tope lenye kivuli anaweza kuishi wiki kadhaa.

Ugonjwa kwa binadamu kwa kawaida huanza siku 5 hadi 14 baada ya maambukizi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka siku aliyokanyaga lile tope. Homa, misuli ya miguu inauma, macho mekundu. Wengi hupona. Wachache huingia kwenye manjano, figo kushindwa kazi na kutokwa damu kwenye mapafu. Makadirio yaliyotolewa 2015 yanasema duniani watu takriban milioni 1 huugua kila mwaka na karibu 59,000 hufariki. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kimekuwa kikiwatafuta bakteria hawa kwa panya, ng'ombe na wanyama wengine kwa miaka mingi, na aina moja iliyotambuliwa huko inabeba jina la Sokoine. Ujuzi upo, tena wa nyumbani. Haujasafiri vya kutosha kutoka maabara hadi zahanati.

Sasa zalio. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu habari hii haisimuliki kwa adabu ya mezani.

Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba, mara nyingi baada ya mwezi wa 5, na mara nyingi usiku. Kinachotoka, yaani kijusi, maji yake na kondo la nyuma, kimejaa bakteria kwa idadi isiyohesabika. Wa kwanza kujua ni mbwa. Mfugaji akiamka alfajiri anamkuta ng'ombe amesimama peke yake, mkia umeinuka, ute mchafu umeganda kwenye mapaja, na chini hakuna kitu. Anaweza hata kusema ni bahati, uchafu umeondoka wenyewe. Ukifuata alama za kuburuta utapita kwenye tundu la uzio wa miiba, utazunguka nyuma ya jiko, na utafika chini ya ghala, pale mbwa anapopenda kulia chake kwa utulivu. Wakati mwingine alama hazikomei hapo, zinaendelea hadi malishoni au kwenye boma la jirani. Jirani ambaye hajawahi kununua ng'ombe mnadani kwa hofu ya magonjwa ameletewa ugonjwa bila kujua.

Mbwa huyo anaweza kuambukizwa mwenyewe. Brusela wa ng'ombe amepatikana kwa mbwa wa mashamba katika nchi mbalimbali. Baadhi ya mbwa hawaonyeshi dalili yoyote, majike wengine hutupa mimba, na ute wao huwa na bakteria walewale waliotoka zizini. Ni kweli kwamba ng'ombe mgonjwa ndiye chemchemi kuu. Mbwa peke yake si rahisi adumishe ugonjwa huu kwenye kundi la ng'ombe kwa miaka. Kazi yake ni kuubeba. Ametoa kitu chenye sumu kali mahali kilipoangukia, ambapo jua lingekimaliza kwa saa kadhaa, akakipeleka kivulini penye unyevu, ambapo kitaishi wiki nyingi.

Mtu huupata brusela kwa kunywa maziwa mabichi, kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa bila kitu mkononi, kwa kushika kondo. Dalili zake ni zile ambazo kila mtu aliyekulia kwenye mifugo amewahi kuzisikia kwa baba au shangazi: homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku linalolowesha shuka, kiuno na magoti kuuma, uchovu usioeleweka mpaka mtu anaitwa mvivu. Kwa wanaume korodani huweza kuvimba. Mwaka unaweza kupita mtu akizunguka na vyeti vya malaria na taifodi. Nchini Kenya, ambako wengi hulijua jina la brusela, tatizo limegeuka: kipimo cha haraka cha kugandisha kilichoenea kwenye vituo vingi kimeonekana kutoa majibu ya uongo, hivyo wako wanaotibiwa brusela wasiokuwa nao na wengine walio nao wanaoachwa. Kipimo cha Rose Bengal, ambacho nacho ni cha bei nafuu, kinaaminika zaidi.

Ulimwengu ulichukua muda mrefu kumtazama mnyama. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwaona bakteria hawa kwenye wengu za askari waliofariki kisiwani Malta. Ni Bruce huyohuyo aliyekuja Uganda 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Miaka 18 ikapita kule Malta watu wakilaumu hewa, vumbi na maji taka, mpaka 1905 Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa kisiwa hicho, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakipitishwa mlango kwa mlango kukamuliwa. Mbuzi walionekana wazima kwa macho, na maziwa yao yalikuwa yamejaa ugonjwa. Askari walipoachishwa maziwa hayo, homa ikapungua mno. Mbuzi walikuwa pale miaka yote hiyo, na hakuna aliyewapima.

Niongeze jambo ambalo wafugaji huchanganywa nalo. Mbwa wana brusela wao wenyewe, aliyetambuliwa Marekani 1966, na huyo hana habari na ng'ombe. Pia si kila mimba iliyotupwa ni brusela. Leptospira hutoa mimba, homa ya Bonde la Ufa hutoa mimba, na kuna kimelea kiitwacho neospora, ambacho si bakteria kabisa, kinachotoka na kinyesi cha mbwa na kuwafanya ng'ombe watupe mimba. Kwa hiyo mimba ikitoka, kukisia jina la ugonjwa hakusaidii. Funga mikono kwa glavu, weka kipande cha kondo kwenye chombo kinachofungika, mwite daktari wa mifugo achukue na damu. Kilichobaki kichomwe au kifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, juu yake miiba na mawe.

Kimeta ni habari nyingine, na hapa mbwa anatokea kwa sura isiyotarajiwa. Ng'ombe mwenye kimeta hufa ghafla, tumbo linajaa upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na mkunduni. Kila afisa mifugo atakwambia usipasue mzoga huo. Sababu ni kwamba bakteria wa kimeta waliomo ndani ya mzoga uliofungika hufa kwa kuoza pamoja nao, lakini wakikutana na hewa hujivika ganda gumu na kuingia ardhini, na humo wanaweza kukaa miongo kadhaa wakisubiri ng'ombe mwingine aje kula nyasi. Mtu anayeogopa sheria hatapasua mzoga. Mbwa hajui sheria hiyo. Ataingilia pale penye ngozi laini, pamoja na fisi na tai, na atatapanya vipande.

Ajabu ni kwamba mbwa mwenyewe mara nyingi hafi. Mwili wake unakihimili kimeta kuliko ng'ombe au mbuzi, na baada ya kula mzoga damu yake hubaki na kinga zinazoonyesha kwamba alikutana nacho. Watafiti wanaofanya kazi katika ikolojia ya Serengeti waliitumia sifa hiyo. Walipima damu za wanyama wengi zilizokusanywa kati ya 1996 na 2009, zikiwemo za mbwa wa vijijini, na damu za wanyama wala nyama ziliwaonyesha mahali kimeta kilipopita, hata pale ambapo hakuna aliyetoa taarifa ya mzoga. Fikiria maana yake kwa wilaya yenye madaktari wa mifugo wachache na maeneo yasiyofikika masika. Ng'ombe aliyekufa kwa kimeta ameshaliwa au kuuzwa. Mbwa bado yupo kijijini, na matone machache ya damu yake yanaeleza yaliyofichwa.

Kifua kikuu cha ng'ombe nakigusia kwa kifupi. Mbwa hukipata kwa maziwa mabichi na kwa mapafu yenye vinundu ambayo mkaguzi wa nyama ameyakataa. Kati ya 2016 na 2017 kulitokea mlipuko kwenye banda la mbwa wa uwindaji nchini Uingereza, nchi yenye sheria nyingi za mifugo kuliko tulizo nazo sisi, na mbwa wengi wakalazimika kuuawa. Chanzo kilichoshukiwa zaidi ni nyama mbichi ya mifugo iliyokufa, waliyokuwa wakilishwa. Nenda kwenye karo la kuchinjia la mji wowote mdogo, asubuhi ya siku ya mnada, uangalie kinachotokea mkaguzi akishapiga kisu pafu na kusema halifai. Mara nyingi hakuna shimo la kulitupa lenye mfuniko. Kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mbwa. Kukataa pafu kisha kumpa mbwa anayelala bomani ni nusu ya kazi, na mkaguzi hana kosa kama halmashauri haijamchimbia shimo.

Halafu kuna maziwa. Mkamuaji mzuri huanza kwa kutoa michirizi ya kwanza ya kila chuchu na kuiangalia, kama ina mabonge au damu. Kwenye mabanda mengi michirizi hiyo huishia sakafuni, na mbwa amekaa hapo tayari, ulimi nje. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kiwele, mbwa analamba bakteria waliosababisha uvimbe. Ng'ombe akiwa kwenye sindano, maziwa yake hayauzwi mpaka siku za dawa ziishe, na hilo ni jambo jema, ila yanawekwa kwenye sufuria la mbwa. Kila siku anakunywa antibayotiki kidogokidogo, kiasi kisichotibu chochote lakini kinachotosha kuwafundisha bakteria wa tumboni mwake kuizoea. Kisha watoto wanacheza naye. Michirizi ya kwanza ipokewe kwenye kikombe na kumwagwa shimoni, na maziwa ya ng'ombe mwenye dawa yafuate njia hiyohiyo. Najua inauma kumwaga maziwa.

Kupe nao wana hesabu yao. Riketsia waliowalaza wale watu 36 Moshi huenezwa na kupe, na homa ya Q, ingawa wengi huipata kwa vumbi lenye mabaki ya uzazi wa mifugo, bakteria wake hukutwa pia kwa kupe na kwa mbwa. Siku ya josho ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja, wanatumbukia, wanatoka wakichuruzika dawa. Mbwa aliyewasindikiza amekaa juu ya ukingo anawatazama. Masikio yake yamejaa kupe ndani na nje, na jioni anarudi nao zizini kulekule.

Nimewasikia watu wakihitimisha mazungumzo ya aina hii kwa kusema basi mbwa wauawe. Siafiki hata kidogo. Mbwa ndiye anayempigia fisi kelele saa tisa usiku, ndiye anayemwamsha mchungaji chui akinusa uzio, na familia isiyo na mbwa hupoteza ndama. Tena vita dhidi ya kichaa cha mbwa vilishatufundisha kwamba kuua mbwa hovyo hakumalizi ugonjwa. Wanaobaki huzaana, wapya huletwa kutoka vijiji vingine, na wenye mbwa huwaficha siku ya chanjo. Kinachofanya kazi ni kuwachanja wengi kila mwaka bila kuruka.

Na hapo ndipo penye mlango ambao tumeshaufungua tayari. Kuzunguka Hifadhi ya Serengeti mbwa wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa tangu 2003. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huadhimishwa katika wilaya nyingi Tanzania na Kenya kwa chanjo. Watoto huja wakiwaburuta mbwa kwa kamba za katani, mikanda na vipande vya kanga, wanapanga foleni chini ya mwembe, mbwa anashikwa, anachomwa, anaondoka. Ni siku pekee katika mwaka ambayo mtaalamu wa mifugo anamgusa mbwa wa boma. Kwa dakika hiyohiyo angeweza kupakwa dawa ya kupe. Kwenye vijiji vichache vilivyochaguliwa angeweza kutolewa damu kidogo ya kupima kimeta, brusela na leptospira. Na yule mtoto aliyeshika kamba angeweza kuulizwa kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba nyumbani mwaka huu, na kilichotoka kilikwenda wapi. Gharama ya kuwakusanya mbwa imeshalipwa.

Serikali zina mahali pa kuliweka jambo hili. Kenya ilipoorodhesha magonjwa ya wanyama yanayopewa kipaumbele 2015, na Tanzania 2017, kimeta, brusela na kichaa cha mbwa vilikuwemo katika orodha zote mbili. Homa ya mgunda haikuwemo kwenye ile ya Tanzania, na miaka 5 baadaye ikabisha hodi Ruangwa. Dawati la Afya Moja lipo Ofisi ya Waziri Mkuu tangu 2018, likiwa na kazi ya kuwakutanisha daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtaalamu wa wanyamapori. Ngazi ya taifa wanakutana. Wilayani, ofisi ya mifugo na hospitali zinaweza kuwa upande huu na ule wa barabara moja, na bado taarifa ya mimba 7 zilizotupwa kwenye kata moja isivuke.

Chanjo ya ng'ombe dhidi ya brusela ipo. S19 na RB51 hutolewa kwa ndama jike kabla hawajapata mimba, na anayechanja ajilinde, kwa sababu bakteria wa chanjo hizo wako hai na sindano ikimchoma mtu inaweza kumwambukiza. Chanjo ya mbwa dhidi ya leptospira nayo ipo madukani mijini, ingawa kinga yake hufuata aina zilizomo kwenye chupa, na aina zinazozunguka mabondeni kwetu si lazima ziwe hizo. Kwa mfugaji wa kawaida, mwenye ng'ombe 12 na mbwa 3, kinga ya kwanza ni shimo. Shimo la zalio na vijusi, lenye mfuniko wa mbao na jiwe juu yake, lichimbwe kabla ya msimu wa kuzaa. Ya pili ni mfereji au birika la kunyweshea lililoinuliwa, ili mifugo isiingie majini, na maji ya nyumbani yachotwe upande wa juu. Ya tatu ni kuchemsha: maziwa ya watoto, na hata utumbo na mapafu ya mbwa.

Upande wa pili wa barabara, kwa mganga wa zahanati, kuna kazi ndogo inayoweza kufanyika Jumatatu hii. Mgonjwa wa homa akipimwa malaria na kipimo kikasema hana, aulizwe kama anafuga, kama amesaidia mnyama kuzaa, kama ameingia lamboni wiki mbili zilizopita. Majibu yake yaandikwe. Dawa mseto ya malaria haigusi hata ugonjwa mmoja kati ya minne iliyowalaza watu wa Moshi. Doksisaiklini, kidonge cha bei ndogo ambacho vituo vingi vinacho kabatini, inatibu homa ya mgunda isiyo kali, inatibu riketsia, inatibu homa ya Q. Kwa brusela ni nusu ya tiba: inamezwa wiki 6 pamoja na dawa nyingine, rifampisini au sindano za jentamisini, na mgonjwa aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba homa itashuka mapema lakini dozi haiishi mpaka wiki ya 6. Mjamzito na mtoto mdogo wana utaratibu wao tofauti na wapelekwe hospitali. Anayekohoa damu, aliyebadilika macho kuwa ya njano au aliyeacha kukojoa apelekwe usiku huohuo.